KAMERA MBILI, MFUKO MMOJA

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Ndugu msomaji, kabla sijaingia katika somo lenyewe, nataka kukiri kosa.

Mwaka jana chama chetu cha Kiswahili kiliwatuma wanachama wanne kumhoji mzee mmoja wa mtaa wetu hapa Thika. Mzee huyo alijua vitendawili na methali kushinda kamusi. Mimi nilikabidhiwa kamera, ambayo mwalimu mlezi alikuwa ameiazima. Baada ya mahojiano mzee alivaa koti lake jeusi, akaweka kofia sawa, akaketi mlangoni. Nilipobonyeza kitufe, kamera ililia mara moja tu, ikazima. Sikuwa nimeichaji. Stima ilikuwa imepotea kwetu tangu jioni, nami nikanyamaza nikidhani chaji iliyobaki ingetosha.

"Mjukuu wangu, imetoka?" mzee akaniuliza.

"Babu, tutarudi wiki ijayo," nikamjibu.

Wiki hiyo mitihani ikaanza, hatukurudi. Tulipokuja kurudi tulikuta hema la matanga limesimama uani. Katika toleo lililopita la jarida hili maneno yake yamo, lakini sura yake haimo. Waama, majuto ni mjukuu.

Ndipo mwaka huu chama kikaamua kununua kamera yake chenyewe. Tuliuza mandazi wakati wa mapumziko kwa mihula miwili tukapata shilingi 6,000. Huenda ukauliza, kwani simu haziwezi kupiga picha? Zinaweza, tena vizuri sana, lakini wewe na mimi tunajua kwamba mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu shuleni. Nikachaguliwa kuandamana na mwekahazina na mwalimu mlezi hadi Barabara ya Luthuli, Nairobi. Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa heshima au adhabu.

Dukani tulionyeshwa kamera mbili ndogo za dijitali, zote za mkono wa pili. Moja ilikuwa Canon PowerShot A1200, iliyotoka mwaka wa 2011, kwa shilingi 4,500. Nyingine ilikuwa Sony Cyber-shot W800 ya mwaka wa 2014, kwa shilingi 6,000 kamili. Muuzaji hakungoja tuulize.

"Kijana, si uchukue hii Sony? Hii ni megapikseli ishirini! Hiyo ingine ni kumi na mbili tu, ni ya kitambo."

Mwekahazina alikuwa tayari ameanza kuhesabu pesa. Mwalimu akamzuia kwa mkono, akanigeukia. "Mwanangu, uliza maswali yako yote kwanza. Pesa ni za wenzako." Nikatoa karatasi yangu. Maswali niliyouliza siku hiyo ndiyo somo la leo.

Swali la kwanza: megapikseli ni nini?

Kamera ya zamani ilipokea mwanga kwa filamu. Kamera ya dijitali huupokea kwa kibamba kidogo kiitwacho kihisi. Aina ya kihisi iliyomo katika kamera hizi mbili huitwa CCD. Ilibuniwa mwaka wa 1969 nchini Marekani na Willard Boyle na George E. Smith, ambao walipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka wa 2009. Mwaka wa 1975 Steven Sasson wa kampuni ya Kodak aliunda kamera ya dijitali iliyokuwa na uzito wa kama kilo 3.6. Picha yake ilikuwa nyeusi na nyeupe, nayo ilichukua sekunde 23 kuhifadhiwa kwenye kaseti.

Picha ya dijitali ni nukta nyingi zilizopangwa kama vigae vya sakafu. Kila nukta ni pikseli, na megapikseli moja ni pikseli milioni moja. Kamera ya Sasson ilikuwa na pikseli 10,000 pekee. Canon A1200 hutoa picha ya nukta 4,000 kwa 3,000, yaani milioni 12. Sony W800 hutoa nukta 5,152 kwa 3,864, karibu milioni 20.

Je, 20 si bora kuliko 12? Hapo ndipo wengi tunapotegwa. Vihisi vya kamera zote mbili vina ukubwa sawa, yaani takribani milimita 6.2 kwa 4.6. Chukulia kwamba mama amesonga sima sufuria mbili zinazolingana. Moja inaliwa na watu 12, ya pili na watu 20. Nani atapata tonge kubwa? Vivyo hivyo, pikseli zikiongezwa juu ya kihisi kilekile, kila moja hupata mwanga kidogo zaidi. Kwa hiyo hesabu kubwa haina maana kwamba picha itakuwa safi zaidi, hasa ndani ya nyumba yenye giza.

Swali la pili: tunahitaji pikseli ngapi?

Hapa nilitumia hesabu tuliyofundishwa. Picha iliyochapishwa vizuri huhitaji nukta kama 300 kwa kila inchi. Picha ya kawaida ya inchi 6 kwa 4 ni nukta 1,800 kwa 1,200. Ukizidisha utapata 2,160,000, yaani megapikseli mbili na kitu. Ukurasa mzima wa jarida letu, ambao ni A4, huhitaji nukta 2,480 kwa 3,508, nazo hazifiki milioni 9. Kwa hivyo hata ile "ya kitambo" inaweza kujaza ukurasa wetu wote na kubakiza. Muuzaji aliposikia hesabu hiyo alicheka akasema, "Huyu mmemtoa wapi?"

Swali la tatu: inavuta mbali kiasi gani?

Hapa Sony ilishinda, na haki yake tuipe. Lenzi yake hukuza mara 5, ya Canon mara 4. Lakini jihadhari na kukuza kwa dijitali. Huko lenzi haisogei hata kidogo. Kamera hukata sehemu ya katikati ya picha na kuitanua, na nukta huonekana wazi. Ukitaka kumpiga mtu picha karibu, tumia miguu yako, msogelee.

Swali la nne: inatumia betri gani?

Swali hili nililiandika kwa kalamu nyekundu. Sony ina betri moja bapa ya kuchaji. Ikiisha ukiwa safarini na huna ya akiba, kazi imekwisha. Canon inatumia mawe mawili madogo ya AA, yale ya saa ya ukutani, ambayo kila kioski huuza. Kwa shule ya kutwa kama yetu, ambapo kamera italala leo kwa huyu na kesho kwa yule, na wengine kwao hakuna stima, tofauti hiyo ni kubwa.

Jambo la mwisho tulilijaribu nje ya duka. Kwenye jua la saa saba kioo cha nyuma cha kamera zote mbili kilififia. Canon ina kitundu cha kuchungulia kwa jicho, Sony haina. Nilichungulia, nikamwona mwalimu vizuri akipangusa jasho.

Basi Sony ni nyembamba, nyepesi na huvuta mbali zaidi. Lau ningekuwa na stima ya uhakika na betri ya pili, huenda ningeichukua. Sisi tulichukua Canon, na zile shilingi 1,500 tukanunua kadi ya kuhifadhi picha na mawe manne ya AA ya kuchaji pamoja na chaja yake.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kwa mjane wa yule mzee. Nilikuwa nimebeba mawe ya kioski, kwa kuwa yale ya kuchaji hayakuwa yamejaa. Baada ya picha tisa yakaisha! Nikatokwa na jasho. Hapo nikajifunza kwamba mawe ya bei rahisi hayawezi kazi ya kamera, hasa flashi inapowaka. Tumia ya alkali, au yale ya kuchaji ambayo, ingawa ni ya volti 1.2 badala ya 1.5, hustahimili zaidi. Lakini safari hii dawa ilikuwa karibu. Mtoto wa jirani alitumwa dukani akarudi na mawe ya alkali kabla chai haijapoa. Ni kweli kwamba baada ya kila flashi kamera hii hukawia kidogo kabla ya kuwa tayari tena. Mvumilivu hula mbivu.

Nyanya alikaa palepale mlangoni alipokuwa ameketi mumewe. Mwanga wa nje ulikuwa mgongoni mwake, na uso ungetoka mweusi, kwa hiyo nikaiwasha flashi kwa lazima. Nikabonyeza kitufe nusu, nikangoja kamera itulie usoni pake, kisha nikamalizia.

"Imetoka?" akauliza.

"Imetoka, Nyanya. Tazama."

Akaishika kamera kwa mikono miwili, akatazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akasema, "Ungempiga na mwenzangu hivi." Sikuwa na la kumjibu.

Picha hiyo mtaiona katika jarida hili, na nakala yake tulimpelekea. Ndugu msomaji, siku ukienda kununua kamera, usianze na hesabu iliyoandikwa kwenye sanduku. Anza na mtu unayetaka kumpiga picha na mahali anapokaa, kisha uulize kama siku hiyo kamera yako itawaka. Na usimwambie mzee "wiki ijayo." Ngoja ngoja huumiza matumbo.