Ndege wanaotaga chini: kila majira na makao yake



Ukitoka Tenke kuelekea Lubudi, unapita nyanda za juu za Biano. Mbele zaidi, kaskazini-mashariki, iko Parke ya Upemba, iliyoundwa mwaka 1939. Kanga, kwale na korongo wa parke hawajui mpaka: munawaona pia pembeni ya mashamba. Wote wanataga chini, na moto mmoja unatosha kuwaharibia mwaka mzima. Tuangalie wanakaa wapi kila majira.

Mwezi wa 5 mpaka wa 8. Maji yanashuka kwenye dembo. Korongo mkubwa, yule wa vishavu vyeupe vinavyoning'inia, anakusanya majani katikati ya maji machache na kutaga yai moja ao mawili. Kinda linapita miezi mitatu mbele ya kuruka. Moto ukiingia dembo wakati huo, halina mabawa ya kukimbilia.

Mwezi wa 9 na wa 10. Kuna ndege wa usiku ambaye dume lake linaota unyoya mrefu kwenye kila bawa. Jike linataga mayai mawili juu ya majani makavu ya miombo, bila kiota. Wakimaliza kulea, wanahama kwenda kaskazini ya ikweta.

Mwezi wa 11 mpaka wa 4. Mvua iko. Kanga anatafuta majani ya kujificha, mara nyingi karibu na shamba. Anataga mayai 6 mpaka 12, analalia karibu siku 28. Vifaranga vinakula wadudu.

Sasa, majani hayo yanategemea moto wa kiangazi. Moto wa mwezi wa 5 ao wa 6 unakuta ubichi: unachoma hapa, unaacha pale. Moto wa mwezi wa 9 unamaliza yote, hata miti midogo.

Tufanye nini?

1. Kama ni lazima kuchoma, kamati ipange siku, mwezi wa 5 ao wa 6, upepo ukiwa kidogo. Mulime kwanza ukanda wa kuzuia moto. Dembo lisiguswe.
2. Muache ukanda wa majani pembeni ya shamba.
3. Ukikuta kiota unapolima, zunguka. Ndani ya parke, kuwinda na kuokota mayai ni kosa mbele ya sheria.
4. Tunajua kanga anafukua mbegu. Muchunge shamba asubuhi na jioni mpaka mahindi yashike mizizi.

Mtu atasema: mayai kumi ni chakula cha leo. Ni kweli, lakini ni cha siku moja tu. Yakianguliwa, ni kundi linalokula wadudu kwenye mashamba yetu, na mwaka kesho linataga tena.

Kwenye mkutano ujao, mbele kiangazi hakijaanza, muulizane: dembo letu ni lipi, na nani atalichunga?