Bakora Barazani

Katika mwaka 1856 watu wa Marekani walikuwa wamegawanyika pande mbili kwa ajili ya utumwa. Wengi wa kusini walitaka kuueneza katika nchi mpya ya Kansas. Wengi wa kaskazini walikataa.

Mwezi wa Mei, Charles Sumner, mjumbe wa Massachusetts, alinena siku mbili katika baraza la Seneti akiushutumu utumwa. Shauri lake lilikuwa la haki. Lakini pamoja na hayo alimtukana mzee Andrew Butler wa South Carolina, ambaye hakuwapo, akaudhihaki hata usemi wake.

Tarehe 22 Mei Preston Brooks, jamaa yake Butler na mjumbe wa baraza la pili, alimkuta Sumner ameketi akiandika. Hakujibu neno kwa neno. Alimpiga bakora kichwani hata ikavunjika. Ilipita zaidi ya miaka mitatu kabla Sumner hajairudia kazi yake sawasawa.

Watu wa kaskazini walighadhibika. Kusini wengi walimsifu Brooks, wakampelekea bakora mpya. Mwisho shauri la utumwa halikuamuliwa kwa maneno. Vita vilianza mwaka 1861, vikadumu miaka minne, vikaua watu zaidi ya 600,000 kabla utumwa haujakomeshwa.

Tusi halikuupa ukweli wa Sumner nguvu, wala bakora haikuugeuza kuwa uongo. Hasira, hasara.

Maswali
1. Sumner alikosa nini? Brooks je? Kosa la nani lilikuwa kubwa zaidi?
2. Waliompelekea Brooks bakora walikosa nini?