Injini Inapogoma Kuwaka Asubuhi ya Baridi

Katika nyanda za juu za Mbinga, ikiwemo Mapera, miezi ya Juni na Julai huwa na baridi kali, nayo ndiyo majira ya mavuno ya kahawa. Chombo kinapogoma kuwaka alfajiri, ni rahisi kuyalaumu mafuta. Tunashauri uchunguzi wa hatua kwa hatua kabla ya lawama.

Kwanza, betri. Baridi huipunguzia nguvu, na oili huwa nzito. Starta ikizunguka polepole, kagua betri na viungio vya nyaya zake.

Pili, plagi. Kwa gari la dizeli lenye plagi za kupasha joto, subiri taa yake izimike ndipo upige starta. Kwa petroli, kagua plagi za cheche. Pikipiki yenye choki, ivute.

Tatu, mafuta. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa haigeuki mvuke kwa urahisi, hivyo injini baridi huchelewa kuwaka. Hata hivyo, maji ndani ya tangi yaweza kutokana na unyevu wa usiku. Yatoe kwenye chujio kwanza.

Tatizo likianza mara tu baada ya kujaza mafuta, rejea kituoni ukiwa na risiti. Usiporidhika, wasilisha malalamiko kwetu EWURA. Anayenunua mafuta ya chupa kando ya barabara bila risiti hubaki bila ushahidi, na gharama ya fundi huwa yake peke yake.