Mbuzi wa Nyanya na Sufuria ya Maziwa

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii sikuielewa darasani. Niliielewa likizo iliyopita, katika zizi la nyanya.

Nyanya alikuwa na mbuzi wa maziwa aliyempenda kama mboni ya jicho lake. Maziwa hayo ndiyo yaliyoninunulia vitabu. Basi mbuzi yule akaanza kukonda. Kula alikula, tena sana, lakini mbavu zilihesabika. Hakuharisha hata siku moja. Tukampa dawa ya minyoo mara mbili, wapi! Daktari wa mifugo akaja, akachukua kinyesi na damu, na baada ya wiki kadhaa akatuletea majibu: paratuberkulosi, au ugonjwa wa Johne. Jina hili latokana na Heinrich Albert Johne, ambaye pamoja na Langdon Frothingham waliueleza huko Dresden, Ujerumani, mwaka 1895.

Wasomaji wapenzi, hebu tujifunze pamoja. Viini vya ugonjwa huu ni jamaa ya vile vya kifua kikuu, ila hivi hushambulia utumbo. Utumbo huwa mnene, na chakula hupita bila kuufaidi mwili. Ng'ombe huharisha sana, lakini mbuzi na kondoo mara nyingi hukonda tu, nasi tukasingizia minyoo.

Mwanambuzi huambukizwa angali mchanga, anaponyonya chuchu zilizochafuliwa na kinyesi, au kupitia dang'a na maziwa ya mama mgonjwa. Dalili hukawia, mara nyingi hadi apite miaka 2. Kumbe muda huo aweza kuonekana mzima huku akivitoa viini zizini! Dawa ya kumponya haipo.

Je, binadamu? Wataalamu wamechunguza kwa miaka mingi kama viini hivi vinahusika na ugonjwa wa Crohn, ambao huvimbisha utumbo wa watu. Haijathibitishwa kwamba ndivyo vinavyouleta. Lakini usishangilie bado! Maziwa mabichi yaweza pia kubeba viini vya bruselosi na vya kifua kikuu cha mifugo, na hivyo hutudhuru bila shaka yoyote.

Nilipomweleza nyanya, alicheka. "Mjukuu wangu, mimi nimeyanywa mabichi tangu usichana wangu, na si unaniona?"

Nikamjibu kwa heshima, "Nyanya, hata mbuzi huyu tulimwona mzima miaka yote hiyo."

Alinyamaza kidogo, kisha akainuka akateleka sufuria.

Basi tufanyeje? Kwanza, chemsha maziwa mpaka yatokote, hata kama mbuzi ananawiri. Pili, ukitaka mala, yachemshe kwanza, yapoe, ndipo uyagandishe. Uchachu peke yake hautoshi kuua viini. Tatu, safisha zizi, osha chuchu kabla ya kukama, na usiweke chakula cha mifugo chini penye kinyesi. Nne, mbuzi akikonda huku anakula, mtenge na wana wachanga, umwite daktari wa mifugo. Usimpeleke sokoni, maana utamuuzia jirani msiba.

Mbuzi wa nyanya aliondolewa zizini, na vitabu vyangu vya muhula huu vilichelewa. Iliniuma, sitaficha. Lakini sasa kila asubuhi sufuria ya nyanya huwa jikoni, na hamna anayeonja maziwa kabla hayajatokota.