Mpe Mbunge Hoja Yenye Mashiko

Kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya, ina zaidi ya kilomita mraba 70,000, yaani zaidi ya mara mbili ya Rwanda, na sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 459,785. Majimbo ni manne tu: Moyale, Saku, Laisamis na North Horr. Ukiishi Illeret, kando ya Ziwa Turkana karibu na mpaka wa Ethiopia, au Kargi kule nyikani, mbunge wako ana vijiji vingine vingi ambavyo kuvifikia ni safari ndefu ya vumbi na mawe. Hata awe mchapakazi kiasi gani, hawezi kujua kwamba gari la kituo chenu cha polisi ni bovu tangu mwezi jana. Lazima aambiwe, tena kwa namna itakayomwezesha kulisimamia jambo hilo Bungeni.

Hapo ndipo vijiji vidogo vinapopoteza nafasi. Mheshimiwa akija barazani, watu husimama mmoja baada ya mwingine: maji, barabara, wizi wa mifugo, basari, mtandao wa simu. Yote ni kweli na yote yanauma. Lakini msafara ukishaondoka, kinachofika Nairobi ni kwamba wananchi wanalia na maji na usalama. Waziri akiulizwa swali la jumla namna hiyo, hujibu kwa jumla: serikali inalishughulikia. Mambo huishia hapo, na kijiji hukaa mwaka mwingine kikisubiri.

Kwa hiyo, kabla ya ziara, kaeni wenyewe mchague jambo moja. Wazee, akina mama, vijana wa bodaboda, mwalimu na muuguzi wa zahanati wote wawepo, maana anayeamka usiku kumpeleka mjamzito hospitali hujua mambo ambayo mwenyekiti wa kijiji hayajui. Si rahisi kumwambia mtu kwamba shida yake itangoja zamu. Mengine yaandikeni kwa mpangilio mliokubaliana, ili kila mtu aone kwamba lake halikutupwa.

Kisha ulizeni jambo hilo ni la nani. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi. Polisi, shule za msingi na sekondari, na barabara kuu ni mambo ya serikali ya kitaifa. Zahanati, ambulensi, maji, barabara za kaunti na huduma za mifugo ni za kaunti. Ukimpelekea mbunge suala la dawa zilizokwisha, atakusikiliza kwa heshima, lakini mwenye meno hapo ni mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti. Seneta naye ana nafasi yake, kwa kuwa Seneti hulinda masilahi ya kaunti na hufuatilia fedha zinazotumwa huko. Mtandao wa simu usiopatikana ni jambo la kitaifa: Mamlaka ya Mawasiliano ina hazina maalumu ya kujenga minara mahali ambapo kampuni za simu hazioni faida. Msiuchukulie kama anasa. Pasipo mtandao, hakuna wa kuita polisi wala ambulensi.

Sasa lije daftari. Nunueni daftari la kawaida la shule, mlipige mistari: tarehe, saa, mahali, kilichotokea, nani aliarifiwa, alifika lini. Mkabidhini mtu mmoja, naye aandike siku ile ile, si baada ya mwezi. Miezi mitatu ya daftari kama hilo ina nguvu kuliko hotuba kumi.

Tazameni tofauti. Barua ya kwanza inasema: "Usalama wetu ni mbaya sana na serikali imetusahau." Ya pili inasema: "Tangu Januari hadi Machi magari matatu yameshambuliwa kati ya kisima na njia panda, yote baada ya saa kumi na mbili jioni. Kituo cha polisi kiko kilomita 60 kutoka hapo. Mara zote tatu polisi walifika kesho yake, kwa sababu gari la kituo ni bovu. Tunaomba gari litengenezwe na askari wa akiba wapangiwe njia panda." Huo ni mfano tu, yenu yatatoka kwenye daftari lenu. Lakini oneni jinsi barua ya pili inavyompa mbunge swali lililo tayari: gari litatengenezwa lini, na askari wa akiba wangapi wamepangiwa njia hiyo? Waziri hawezi kulijibu kwa maneno matupu.

Katika mambo ya usalama kuna onyo ambalo nalisisitiza kwa moyo wote. Andikeni mahali, saa, idadi ya mifugo iliyoibwa na muda ambao msaada ulichukua kufika. Msiandike kwamba kabila fulani ndilo lililofanya. Mkimjua mhalifu, jina lake lipelekwe kwa wapelelezi kwa faragha. Kaskazini, neno moja likisemwa Bungeni dhidi ya jamii jirani linaweza kufika malishoni kabla ya mheshimiwa mwenyewe kurudi. Tunakumbuka mauaji ya Julai 2005 kijijini Turbi, humu Marsabit, yaliyotokana na uhasama wa jamii jirani. Tunakumbuka pia tarehe 10 Aprili 2006, ndege ilipoanguka Marsabit ikiwa imebeba wajumbe wa amani. Wabunge wote wanne wa Marsabit, Bonaya Godana, Titus Ngoyoni, Abdi Sasura na Guracha Galgallo, walikufa katika safari hiyo ya kupatanisha watu wao. Mbunge anayeombwa asimamie usalama asipewe karatasi ya kuchochea.

Mkishampa hoja, mwambieni mnataka aitumie vipi. Anaweza kuuliza swali, na tangu 2023 mawaziri huitwa kujibu ndani ya ukumbi wenyewe. Anaweza kuomba kauli kutoka kwa kamati inayohusika. Na akichelewa, nyinyi wenyewe mna njia: Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ardhilhali, yaani ombi rasmi, Bungeni. Huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza na kupelekwa kwa Karani wa Bunge. Iseme ni hatua gani mlizochukua kabla na kama suala liko mahakamani, kisha iwe na majina, anwani, nambari za vitambulisho, na sahihi au alama ya kidole gumba. Kule mpakani, ambako kupata kitambulisho kumekuwa kazi ngumu kwa miaka mingi, wasio nacho wasikate tamaa: ardhilhali inaweza kupelekwa na mtu mmoja aliye nacho. Hifadhini nakala.

Mkikosa takwimu, kwa mfano ni dawa ngapi zilitumwa au fedha za kisima zimefika wapi, iombeni ofisi husika chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Wana siku 21 za kujibu, na saa 48 ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu. Asiyejua kuandika aeleze kwa mdomo, ofisa ana wajibu wa kumwandikia. Wakinyamaza, lalamikeni kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile tunayoiita Ombudsman.

Swali likishajibiwa, wengi huona kazi imekwisha. Ndiyo kwanza imeanza. Ombeni ofisi ya mbunge nakala ya Hansard, yaani kumbukumbu rasmi ya Bunge, ya siku hiyo, isomwe barazani, na ifasiriwe kwa Kirendille, Kigabra au Kidaasanach ili bibi asiyejua Kiswahili asikie waziri aliahidi nini. Andikeni ahadi hiyo kwenye daftari pamoja na tarehe yake. Baada ya miezi mitatu mpelekeeni mbunge barua ya aya moja: waziri alisema hivi, siku hii, na leo hali iko hivi. Gari la polisi likitengenezwa, andikeni hilo pia na mshukuruni aliyelipigania, kisha mfungue ule ukurasa wa mambo yaliyongoja zamu na mwanze na la pili.