Mimi ni Nani? Mchezo wa Majina na Afya ya Kumbukumbu

Kila Ijumaa jioni, sisi tuliosoma darasa moja hukutana kwa simu. Wengine wako Meru, wengine Embu na wengine Nairobi. Pamoja nasi ni mwalimu wetu wa historia, ambaye sasa amestaafu. Katika kundi letu la WhatsApp, mmoja hutega: "Mimi ni nani?" Kisha hutoa dokezo moja moja hadi jina la mtu mashuhuri lipatikane. Anayeshindwa hutoa mji, kama ilivyo katika vitendawili.

Mwalimu ndiye aliyekuwa bingwa. Ukiandika, "Niliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958 na nikaacha siasa mwaka 1992," yeye alijibu kabla hujaongeza kwamba nyumbani ni Embu: Jeremiah Nyagah.

Ijumaa moja alitega kuhusu Musa Mwariama, kiongozi wa Mau Mau kutoka Meru aliyetoka msituni Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963. Tulijibu. Baada ya dakika kumi akatutegea kitendawili kile kile. Kisha akakirudia mara ya tatu. Tulicheka sana, nami daktari nikiwa miongoni mwa waliocheka. Siku ya pili mkewe alinipigia simu: "Daktari, mzee wiki hii amepotea njia akitoka sokoni." Hapo kicheko kiliniisha.

Kusahau jina si ugonjwa

Mpenzi msomaji, usishtuke ukisahau jina la mtu unayemjua. Ukiambiwa mtu ni mkulima, mara moja unawaza jembe, shamba na mvua. Jina lake halina mambo kama hayo ya kulishikilia. Ndiyo maana unaweza kukumbuka sura, kazi na kijiji cha mtu, huku jina likikwama ulimini. Hali hii huongezeka kadiri umri unavyosonga. Ikiwa jina hukujia baadaye, au ukipewa dokezo, aghalabu hakuna hatari.

Mwone daktari ikiwa wewe au jamaa yako:

- anarudia swali au habari ile ile bila kujua kwamba ameshaisema;
- anapotea njia anayoijua;
- anashindwa na kazi aliyoizoea, kama vile kuhesabu pesa au kupika;
- amebadilika tabia au kujitenga na watu.

Kumbukumbu ikivurugika ghafla, kwa saa au siku chache, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo.

Sababu ni nyingi

Watu wengi husema, "Ni uzee tu." Hilo ni kosa. Ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, kama ule wa Alzheimer, si sehemu ya kawaida ya kuzeeka. Tena, kuna sababu nyingine zinazotibika: huzuni ya muda mrefu, upungufu wa homoni ya tezi la shingo, pombe, baadhi ya dawa na ukosefu wa usingizi. Kwetu Meru na Embu ni lazima nitaje miraa na muguka. Anayetafuna hadi usiku wa manane hulala kidogo, na ubongo usiopumzika hauhifadhi mambo vizuri.

Mwalimu ana kisukari na alikuwa ametumia metfomini kwa miaka mingi. Dawa hii ni nzuri, lakini ikitumiwa kwa muda mrefu inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini. Upungufu huo hudhuru neva na kumbukumbu. Damu yake ilipopimwa, vitamini hiyo ilikuwa chini sana. Alianza kudungwa sindano za B12. Usiache dawa yako kwa sababu ya habari hii. Muulize daktari wako kama unahitaji kupimwa.

Je, mchezo hukinga?

Mchezo wa kutaja majina hukufanya hodari katika kutaja majina. Haujathibitishwa kuwa kinga ya ugonjwa. Faida yake kubwa ni kukukutanisha na wenzako, kwa maana upweke ni hatari kwa ubongo. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo yakidhibitiwa yanaweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya visa vya ugonjwa huu duniani. Miongoni mwake ni shinikizo la damu, kisukari, sigara, kutosikia vizuri, kutofanya mazoezi na kutengwa.

Kwa hiyo pima presha na sukari, tembea kila siku, lala vya kutosha, na usiwaache wazee nje ya mazungumzo.

Mwalimu amerudi kundini. Hajawa mwepesi kama zamani. Ijumaa iliyopita alihitaji madokezo matatu kumpata Jackson Angaine, aliyekuwa Waziri wa Ardhi na Makazi katika serikali ya Mzee Jomo Kenyatta. Lakini alimpata, na hakurudia jibu. Rafiki yako akirudia kitendawili kile kile mara tatu, usicheke tu. Mpigie simu, na uzungumze na watu wa nyumbani kwake.