Kovu Laweza Kuzuia Taya Lisikue
Mtoto aliyezaliwa na ufa mdomoni au katika kaakaa, akisha kushonwa, huenda taya lake la juu likabaki fupi. Je, sababu ni ufa au kovu? Huko Iowa, Marekani, wataalamu walijaribu kwa wanyama. Mwaka 1970 walitangaza kwamba mbwa wachanga wasio na ufa, walioondolewa utando wa kaakaa, taya zao hazikupanuka sawasawa. Baadaye sungura walitiwa ufa: wale walioshonwa mdomo, taya zao zilikuwa fupi kuliko za wasioshonwa, kwa kuwa mdomo ulibana. Basi kovu nalo huzuia. Lakini mzazi asiache mtoto bila kushonwa, maana kula na kusema vyahitaji kazi hiyo. Amtafute daktari stadi, na taya lipimwe hata mtoto akomae.